Safari ya kulifuata jina la babu aliyezama na meli ya Khedive Ismail

Alhamisi, 8 Februari 2024. Pangani

Leo nimelala kwa bibi ili kesho nitoke na dua yake. Baada ya isha alimwita kijana wa jirani amvutie kasha kutoka mvunguni, akalifungua mwenyewe kwa ufunguo anaoufunga pindoni mwa kanga, akatoa bahasha iliyoviringishwa ndani ya kitambaa, na ndani ya bahasha, picha.

Picha hii naijua tangu utoto. Kijana amesimama wima kando ya kiti kitupu, kaptura na soksi ndefu, kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Hacheki. Mkono wa kushoto umeushika mgongo wa kiti, na vidole vimekakamaa, kama mtu aliyeambiwa asitikisike akatii kupita kiasi. Huyo ni kaka yake bibi, kwangu mimi ni babu. Nyuma ya picha ameandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili cha kwetu: salamu kwa baba, salamu kwa mama, salamu kwa wadogo zangu wote, mimi ni mzima, naondoka, msinihesabie siku.

Bibi alikuwa na miaka saba alipomwona mara ya mwisho. Mwaka 1944 ikaja barua ya serikali. Aliyewasomea wazee alisema imeandikwa kijana kapotea. Hakusema kafa. Mama yake bibi akalishika neno hilo na hakuliachia tena. Kilichopotea hutafutwa, akasema, hakisomewi khitma. Hakuketi tanga. Hakuruhusu mtu yeyote kumwita mwanawe marehemu mbele yake, mpaka alipozikwa yeye mwenyewe mwaka 1971. Barua ililiwa na mchwa.

Sasa bibi ana miaka 88 na ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu wale. Anataka Shaaban hii amsomee kaka yake kabla hajaondoka na yeye. Kwa hesabu anajua kwamba hata angenusurika, leo angekuwa amevuka miaka 100. Lakini hesabu si hakika. "Nikimsomea kwa kubahatisha," aliniambia, "nitakuwa nimemvunja mama yangu neno bure."

Mwishoni mwa mwaka jana ndipo nilipompata. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari la majina kwenye intaneti, na kila nilipoandika jina la babu nilikosa. Nilipoacha jina lake nikatafuta kwa jina la baba yake, akatokea. Karani aliyemwandikisha jeshini alikuwa ameandika alivyosikia: herufi L imekaa mahali pa R. Mengine yote yalikuwa sawasawa. Askari wa mizinga, jeshi la mizinga la Afrika Mashariki. Amekufa 12 Februari 1944. Hana kaburi, jina lake liko kwenye kumbukumbu ya East Africa Memorial, Nairobi.

Nilidhani kumsomea bibi maneno hayo kutoka kwenye simu kutatosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Karatasi ilishatwambia kapotea. Leo karatasi nyingine yasema kafa. Nenda ukaliguse hilo jina, mke mwenzangu, halafu urudi uniambie."

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Bibi amesema ni la kuombewa dua, si la kupita midomoni mwa watu wasiomjua, nami namheshimu.

Ijumaa, 9 Februari. Pangani, Tanga, Horohoro, Mombasa

Basi la kwanza hadi Tanga, kisha gari la Mombasa. Mpakani Horohoro siku hizi unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, haichukui muda. Afisa wa upande wa Kenya aliniuliza sababu ya safari. Nikajibu, bila kufikiri, naenda kuzuru kaburi. Akauliza la nani. Hapo ndipo nilipokwama. Nikamwambia ni la babu yangu aliyekufa vitani, ila kaburi hana. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri, akasema, "Pole sana, dada. Mungu akufikishe."

Lungalunga, Msambweni, Ukunda, Likoni. Nimevuka na feri jua likizama. Nalala kwa mama mdogo, upande wa kisiwani.

Jumamosi, 10 Februari. Mombasa

Nilitaka kuiona Kilindini, kwa sababu hapo ndipo nchi kavu ilipomwacha. Bandarini huingii bila kibali, na mimi sina kibali, kwa hiyo mama mdogo akanishauri niende Mama Ngina, chini ya mibuyu, ambako meli zote zinazoingia na kutoka lazima zipite mbele yako. Nilifika saa tatu asubuhi na nimekaa mpaka adhuhuri.

Muuza madafu mmoja, mzee ambaye baba yake alikuwa kuli bandarini, alinionyesha namna ya kutazama. "Waona feri zile zimesimama katikati? Zangoja. Kuna meli yatoka." Kweli, baada ya dakika chache ikachomoza, ndefu, imebeba makontena, ikapita kwenye mlango ule mwembamba karibu sana hata nikaona kutu pembeni mwa nanga. Haikupiga kelele. Nilitazamia mngurumo, kumbe jambo kubwa namna ile hupita na sauti kama ya mtu anayevuta mkeka. Ilipofika nje, boti ndogo ikaisogelea ubavuni, na mtu akateremka kwa ngazi ya kamba. "Yule ni rubani," mzee akaniambia. "Kashawatoa. Sasa wako wenyewe na bahari."

Miaka 80 iliyopita, siku za mwanzo za Februari kama hizi, meli tano za kubeba askari zilipita hapa zikielekea Colombo. Mojawapo ni Khedive Ismail. Ilijengwa Uskoti mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua; baadaye ikanunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la mtawala wao wa zamani; vita vilipokuja Waingereza wakaichukua kusafirisha jeshi. Ndani yake walikuwemo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa wachache wa Kizungu na vijana wetu wa pande hizi. Walikuwemo mabaharia wa Kiingereza, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kuwahudumia majeruhi wa Burma.

Kwa nini Burma? Mtu wa Pangani ana nini na Burma? Nimejiuliza tangu nikiwa mtoto, na jibu nalijua, ingawa kulijua hakunipunguzii kitu. Mwaka 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani, kisha ndege zao zikaipiga Colombo siku ya Pasaka, na manowari za Uingereza zikakimbilia huku, hii hii Kilindini. Mombasa ikawa makao ya vita vya Bahari ya Hindi. Hata shule ya Allidina Visram iligeuzwa kituo cha kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua mafumbo yao. Halafu ikaamuliwa Burma irudishwe, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kujiandaa. Vijana wa mizinga walikuwa wakiwafuata wenzao.

Kilindi ni maji yenye kina. Jina la mahali hapa wahenga walilitoa kwenye umbo lake. Nilikuwa nalitamka maisha yangu yote bila kulisikia.

Meli ile ya makontena ilipobaki doa, nikanunua kachiri, nikamshukuru mzee, nikaondoka. Siwezi kueleza vizuri ni kwa nini asubuhi hii imenitosheleza. Nadhani ni kwamba sasa najua alichokiona mwisho: mibuyu upande huu, Likoni upande ule, na boti ya rubani ikirudi.

Jumapili, 11 Februari. Kwenye treni

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini. Kiti cha dirishani. Mariakani, Voi, tembo wekundu kwa mbali Tsavo, Mtito Andei. Nilikuwa na karatasi nilizochapisha kuhusu siku ile, nikazisoma zote njiani, nyingine mara mbili.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, bahari shwari, kusini-magharibi mwa visiwa vya Maldivi, kwenye mkondo ambao mabaharia wanauita wa Digrii Moja na Nusu. Wamekula. Wengi walikuwa wameteremka chini kusikiliza muziki, maana kulikuwa na tamasha. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ilikuwa imejipanga upande wa kushoto. Mlinzi akaiona darubini yake juu ya maji akapiga kelele, na karibu wakati huo huo torpedo nne zikafyatuliwa. Mbili zikaipata Khedive Ismail. Haikupita hata dakika tatu, meli imekwisha kwenda chini.

Dakika tatu. Nilijaribu kuzipima kwa saa yangu. Treni ilikuwa haijamaliza hata kituo kimoja.

Meli nyingine nne zikaongeza mwendo kuondoka, kwa sababu ikisimama moja inapigwa na hiyo. Manowari mbili za ulinzi, Paladin na Petard, zikabaki. Paladin ikashusha boti kuokota watu. Na nyambizi ikajificha chini, chini ya pale pale watu walipokuwa wakielea. Petard ikaja na mabomu ya kulipuka majini, ikayatupa. Yakalipuka katikati ya watu waliokuwa wameshanusurika mara moja.

Hapo niliziweka karatasi kando. Mama aliyekaa mbele yangu, ana mtoto mchanga, aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimesoma habari ya msiba. Akanipa chungwa.

Kapteni wa Petard simlaani. Nyambizi ile ilikuwa imekwishazamisha meli nyingi, na ingeachwa ingezamisha nyingine, zenye askari kama hao hao. Ililazimishwa kupanda juu, Paladin ikaigonga na yenyewe ikachanika ubavu, Petard ikairushia torpedo saba, na ya saba ndiyo iliyoivunja. Hayo yote nayaelewa. Ninachoshindwa nacho ni kingine: walionusurika ni wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297, na 77 kati yao ni wanawake. Wengi wa waliokufa walikuwa wa kikosi cha 301. Babu yangu huenda alikufa meli ilipopigwa, akiwa chini kwenye muziki. Huenda alitoka, akaogelea, maana mtoto wa Pangani anajua kuogelea kabla ya kujua kusoma, akaelea, akaiona Petard inakuja, akadhani inakuja kumchukua.

Bibi ataniuliza. Njia nzima mpaka Syokimau nimewaza nitamjibu nini.

Nimefikia kwa binamu yangu, mtaa wa Pangani. Ndiyo, Nairobi nayo ina Pangani yake. Watoto wameketi wanaingoja fainali ya Afcon, Ivory Coast na Nigeria. Mimi nalala mapema.

Jumatatu, 12 Februari. Nairobi

Nimeamka nikakuta nyumba nzima imenyamaza mbele ya televisheni. Kelvin Kiptum, yule kijana aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago, amekufa usiku kwa ajali ya gari, pamoja na kocha wake Mnyarwanda. Miaka 24. Kwenye matatu ya Ngong konda alizima muziki mwenyewe bila kuombwa, tukawa tunasikiliza redio. Mwanamke mmoja mzima akauliza, si mtu fulani, gari zima: "Na mwili uko wapi?" Wakamjibu watu wawili kwa pamoja, "Eldoret." Akapumua, akaegemea kiti.

Swali la kwanza ni hilo. Mtu akifa tunauliza mwili uko wapi, kisha ndipo tunauliza mengine yote. Mama yake bibi aliliuliza mwaka 1944 na hakuna aliyemjibu. Ndiyo maana hakuketi tanga. Kwetu walikuwa wakisema mwanamke yule alikuwa na kichwa kigumu. Mimi leo kwenye matatu ile nimeona kwamba alikuwa anadai jibu tu, akadai kwa miaka 27.

Makaburi ya vita yako kando ya barabara ya Ngong, msitu uko jirani. Ukishaingia ndani magari unayasikia lakini kama ya mtaa mwingine. Nyasi zimekatwa fupi, mawe yamepangwa mistari, yote urefu mmoja, afisa kwa askari, Mzungu kwa Mwafrika. Mtunza makaburi, baba mmoja mtu mzima mwenye buti za mpira, aliuliza namtafuta nani. Nikamwambia mtu wa Khedive Ismail. Hakuhitaji kuangalia daftari. "Hao hawako chini," akasema, "hao wako kwa majina." Akaongoza njia.

Majina yamepangwa kwa vikosi na vyeo, na ya jeshi la mizinga ni mengi mno. Nilidhani nitakwenda moja kwa moja kwenye herufi ya babu. Sikuweza. Nilijikuta nasoma tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, jina kwa jina. Majina ya kipwani, ya bara, ya Kikristo, ya Kiislamu, ya mito na misimu na vita vya mababu. Kila moja lilikuwa na mama. Mtunza makaburi alikuwa amekaa pembeni, hakunisemesha, na nilipofika kwa babu nadhani alijua kwa nilivyonyamaza.

Ni mstari mmoja tu, urefu wake haufiki shubiri mbili. Niliweka kidole kwenye herufi ya kwanza nikaipitisha taratibu mpaka ya mwisho, kwa kuwa ndicho nilichotumwa. Herufi zimechimbwa, makali yake bado yanashika ncha ya kidole. Nilipofika kwenye L ile nikakwaruza kidogo kwa ukucha, kama mtoto anayetaka kufuta kosa la daftari. Baba yule akaleta kitambaa chenye maji, akalipangusa jina, vumbi likatoka, likasomeka vizuri zaidi, na kosa lake pia.

Nilisoma Fatiha. Nilisoma Yasini. Nikatoa karatasi nyembamba na penseli laini niliyokuja nayo kutoka Tanga, nikaiweka karatasi juu ya jina, baba yule akaishika pembe mbili za juu isipeperuke, nikaisugua penseli kwa ubapa mpaka jina likajitokeza jeupe katikati ya weusi. Mara ya kwanza karatasi ilichanika. Ya pili ikakubali.

Nilikaa mpaka saa nane u nusu mchana, saa ambayo siku kama hii meli ilipigwa. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimemwandalia maneno lakini sikuyasema. Nilimwambia tu kwamba mdogo wake wa mwisho bado yupo, na kwamba anamsalimu.

Jumanne, 13 Februari. Nairobi

Kabla ya basi la usiku nilipita Kenyatta Avenue kuiona sanamu ya askari. Watatu, wa shaba, kwa ajili ya vita vya kwanza, 1914 hadi 1918. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawakumbuka askari na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi mtu kwamba akipigania nchi yake hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nililizunguka jiwe lile pande zote. Jina hakuna hata moja.

Wapagazi wale, ambao jeshi lao la Carrier Corps ndilo lililoacha jina la Kariokor hapa na Kariakoo kule Dar, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa homa, kuhara na njaa, na wakafukiwa njiani. Mwaka 2021 Tume yenyewe ya Makaburi ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Jana nililalamikia herufi moja. Leo nimesimama mbele ya ahadi ya jina kwenye jiwe lisilo na jina, na nimeelewa kwamba babu yangu, kwa yote yaliyompata, ni mmoja wa waliobahatika. Hili limenikasirisha kuliko kunifariji, na sioni sababu ya kuficha hasira yangu.

Basi linaondoka saa tatu usiku.

Jumatano, 14 Februari. Njiani

Mombasa alfajiri, Likoni, Lungalunga, Tanga jioni. Miguu imevimba. Karatasi iko ndani ya kitabu, kitabu ndani ya mkoba, mkoba mapajani. Sikuuweka juu hata mara moja.

Alhamisi, 15 Februari. Pangani

Bibi alikuwa barazani tangu asubuhi. Hakuniuliza habari za safari. Alisubiri nioge, nile, ninywe chai, kisha akasema, "Haya. Umeligusa?"

"Nimeligusa, bibi. Kwa kidole hiki."

Akakishika kidole changu, akakishikilia muda wote niliokuwa namsimulia. Nilianza na Kilindini, mibuyu, rubani kuteremka kwa kamba. Nikamweleza muziki, torpedo, dakika tatu. Nikafika kwenye Petard. Nilikuwa nimeamua, usiku kwenye basi, kwamba nitapita pale haraka. Lakini aliniuliza kama nilivyojua ataniuliza: "Alikufa kwa maji au kwa moto?"

Nikamwambia yote. Mabomu, watu waliokuwa wakielea, nyambizi chini yao. Nikamwambia kaka yake alikuwa katika moja ya sehemu hizo, na kwamba aliyekuwa pale akaona ni yupi aliyekuwa wapi hayupo tena wa kumwuliza.

"Na hao Waingereza, waliwaona watu majini?"

"Waliwaona."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, kivuko kilikuwa kinapakia, tukakisikia kinawashwa. Kisha akasema, bila ukali, "Mama yangu alistahili kuambiwa haya. Angelia, angeketi tanga lake, angenyanyuka. Yeye wakampa neno moja, kapotea. Kakaa nalo mpaka kafa."

Halafu akaniachia kidole, akamtuma mtoto kwa sheikh.

Ijumaa, 16 Februari. Pangani

Khitma imesomwa baada ya swala ya Ijumaa. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wazee kwa vijana, wengine hawajawahi kusikia kwamba nyumba hii ina mtu wa vita vya Burma. Juzuu zikagawiwa, ubani ukafukizwa, wanaume barazani, wanawake ndani. Sheikh alizungumza kwa ufupi. Alisema aliyekufa maji ni mmoja wa mashahidi, kama Mtume alivyotufundisha, na kwamba dua haihitaji kuonyeshwa kaburi ili ifike. Kisha akalitaja jina. Jina sahihi, lenye R yake, na baada ya jina akasema marehemu.

Nilikuwa nimemkalia bibi ubavuni. Neno lile lilipotamkwa mwili wake wote ulishtuka, halafu ukalegea, akaniegemea. Mwepesi. Sikujua kwamba amekuwa mwepesi kiasi kile.

Pilau imeliwa, kahawa na halua, watu wakaaga. Kosa la herufi nitaliandikia Tume. Wana utaratibu wa kusahihisha ukileta uthibitisho, na ninao nyuma ya picha, kwa mkono wake mwenyewe. Nilimweleza bibi. Akasema vizuri, andika, lakini huenda wakachelewa. Akaniomba karatasi ile ya penseli.

Bibi hasomi herufi za Kizungu. Alisoma chuoni, kwa mwalimu, alifu na be. Aliigeuza karatasi huku na huku kwenye mwanga wa taa, akaniuliza jina linaanzia upande gani, akaniuliza kosa liko wapi. Nikamwonyesha. Akaiweka juu ya kibao cha mbuzi, akashika kalamu, na chini ya jina lile jeupe akaandika la kwake, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, akisoma kila herufi kwa mdomo. Alipofika pale karani alipokosea akasema "re", akavuta mkato wake mmoja mfupi ukashuka chini ya mstari, akauinua mkono akautazama kabla hajaendelea.

Alipomaliza aliupuliza wino ukauke. Akaiweka karatasi ndani ya bahasha pamoja na picha, bahasha ndani ya kitambaa, akanipa ufunguo wa kasha nikafungue mimi.